Kutoa haidrojeni katika maembe yanayooza: jaribio la maabara ya shule mjini Tabora

Msimu wa maembe unapopamba moto mjini Tabora, matunda mengi huozea chini ya miembe na pembezoni mwa masoko, na harufu yake ya uchachu huonyesha kwamba vijidudu vimekwisha kuanza kula sukari. Uchachukaji huo ukifanyika bila oksijeni, kwa bakteria waliochaguliwa, sukari hutoa haidrojeni. Maelezo haya yamekusudiwa mwalimu wa sayansi na wanafunzi wake, wala si mtu anayetafuta gesi ya kupikia.

Kazi kubwa iko katika kuandaa bakteria. Tunaowahitaji ni wa jenasi ya Clostridium, ambao hupatikana katika kinyesi cha ng'ombe. Lakini humo humo wamo wengine wanaoitumia haidrojeni kutengeneza metheni, na wasipoondolewa wataila gesi yote kabla hujaiona. Koroga kinyesi kibichi katika maji, chuja, kisha chemsha kwa dakika 30. Watengenezaji wa metheni hufa, ilhali Clostridium hujificha ndani ya spora, yaani maganda magumu yanayostahimili joto, na kuamka joto likipungua. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 96 badala ya 100. Kiwango hicho kinatosha.

Ondoa kokwa, ponda nyama ya maembe pamoja na maji mara mbili ya ujazo wake, na uchemshe rojo hilo pia kwa muda mfupi, kwa kuwa matunda huja na bakteria wa asidi ya laktiki ambao ni washindani wakali. Likipoa, litie katika dumu la lita 5 pamoja na maji ya kinyesi kiasi cha sehemu moja kwa kumi, ukiacha nafasi ndogo ya povu. Pima pH, kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi: ianze karibu na 6.5, na isishuke sana chini ya 5. Asidi huongezeka kadiri uchachukaji unavyoendelea, kwa hiyo weka tayari magadi yaliyoyeyushwa, yale yale ya kupikia maharage, uyaongeze kidogo kidogo.

Funga dumu kwa kizibo kilichopitishwa mpira mwembamba, na upeleke ncha ya mpira kwanza katika chupa ya maji ya chokaa, yanayonasa kabonidioksaidi, kisha katika chupa iliyojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni. Joto linalofaa ni nyuzi 35 hadi 37, na usiku wa Juni au Julai hapa hautoi joto hilo. Zungushia dumu maji ya vuguvugu ndani ya sanduku lenye maranda. Mapovu huanza kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili.

Gesi ya mwanzo imechanganyika na hewa iliyokuwa ndani ya dumu, kwa hiyo iachie itoke nje. Haidrojeni hulipuka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, nayo haina harufu wala rangi. Fanyia kazi hii mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara, na usiigandamize gesi katika chombo chochote. Kwa kuithibitisha, mwalimu mwenyewe ajaze neli moja ndogo ya majaribio, aisogeze mbali na dumu, ndipo aikaribishie kijiti kinachowaka. Mlio mfupi wa "pop" unatosha.

Kuhusu mavuno: gramu 180 za glukosi zinaweza, kwa nadharia, kutoa gramu 8 za haidrojeni iwapo bakteria watatengeneza asidi ya asetiki pekee, na gramu 4 wakielekea kwenye asidi ya butiriki. Gramu 4 hizo zina takribani kilojuli 480, nishati isiyotosha kuchemsha lita 2 za maji ya baridi. Sehemu kubwa ya nishati ya embe hubaki katika asidi zilizomo ndani ya dumu, na ndiyo sababu rojo lililokwisha kutoa haidrojeni halimwagwi: litie kidogo kidogo katika mtambo wa biogesi, ambako wale watengenezaji wa metheni tuliowafukuza mwanzoni sasa wanahitajika.