Kurudi Mombasa baada ya kufundisha Kiingereza ng'ambo: namna ya kuijenga kazi upya

Mwalimu aliyefundisha Kiingereza Thailand, Uchina, Vietnam au katika nchi za Ghuba hurudi Mombasa akiwa na ujuzi ambao mji huu unauhitaji, lakini mara nyingi hana karatasi inayoueleza ujuzi huo kwa namna ambayo mwajiri wa hapa ataielewa. Nayasema maoni yangu mapema: mtu huyu asikimbilie kugombania nafasi ya kufundisha watoto shuleni, ambako foleni ni ndefu, bali awaangalie watu wazima wa mji huu ambao riziki yao inategemea Kiingereza cha kazi maalumu.

Maandalizi huanza kabla ya kupanda ndege. Iombe shule au kituo ulichofundisha barua yenye nembo na muhuri, inayotaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, umri wa wanafunzi, idadi ya vipindi kwa wiki, ukubwa wa madarasa, mitihani uliyowaandaa wanafunzi kuifanya, pamoja na jina na anwani ya mtu anayeweza kuulizwa habari zako. Usiahirishe jambo hili, kwa sababu vituo vya lugha hufungwa, wakuu wake huhama, na barua ambayo ingeandikwa kwa siku moja ukiwa huko huweza kukuchukua miezi ukiwa nyumbani Kisauni, Mombasa. Tunza nakala za mikataba na vibali vya kazi. Hati iliyoandikwa kwa Kithai au Kichina itafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa, kisha uulize katika ubalozi wa Kenya wa nchi hiyo jinsi ya kuithibitisha. Chukua pia cheti cha polisi cha nchi uliyoishi, kwani shule nyingi za mitaala ya kimataifa hutaka kuona rekodi ya mwalimu katika kila nchi alikokaa, na kukiomba cheti hicho ukiwa mbali ni kazi ya alama za vidole, posta na kusubiri.

Ukishafika, maliza mambo ya serikali katika wiki za mwanzo. Cheti cha tabia njema cha Kenya huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha hufuata kuchukuliwa alama za vidole. Huduma Centre ya Mombasa, yaani kituo cha huduma za serikali, iko katika jengo la Posta, Barabara ya Digo. Ikiwa nambari yako ya mlipakodi ya KRA, mamlaka ya mapato, ilibaki hai ulipokuwa nje, angalia kama kila mwaka ulikuwa na taarifa ya kodi iliyowasilishwa kufikia tarehe 30 Juni, kwa sababu faini ya mtu binafsi anayechelewa haipungui shilingi 2,000, na hujirudia kwa kila mwaka ulioachwa. Waliosoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, waombe hesabu ya deni lao kabla mwajiri hajawauliza. Bima ya afya ya NHIF uliyoiacha haipo tena. Tangu Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na SHA, ambayo mchango wake ni asilimia 2.75 ya mapato na haupungui shilingi 300 kwa mwezi.

Suala la TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu inayowasajili walimu, linahitaji uamuzi wa mapema. Sheria ya tume hiyo ya mwaka 2012 inakataza mtu kufundisha shuleni bila kusajiliwa, na katazo hilo linazihusu shule za binafsi pia. Cheti cha TEFL cha saa 120, yaani cha kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, ambacho huko nje kilikufungulia milango, hakitoshi kukusajilisha hapa. Kwa sekondari kwa kawaida hutakiwa shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia, au shahada nyingine pamoja na stashahada ya uzamili katika elimu. Na kama shahada yako uliipata nje, itabidi kwanza itambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Anayetaka njia hii akubali kusoma tena na kuuzoea mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 na kuuondoa mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Ni njia ya heshima, nami simzuii mtu kuifuata, lakini afahamu kwamba walimu waliosajiliwa na wasio na ajira nchini ni mamia ya maelfu.

Wasifukazi wako nao uandikwe upya wote. Mwajiri wa Mombasa akisoma kwamba ulifundisha Kiingereza katika mji wa mbali, hajaambiwa chochote kinachomhusu. Mwambie uliwafundisha wahudumu wa hoteli au watoto wa chekechea, walikuwa wangapi, walianza wakijua nini na walimaliza wakiweza kufanya nini. Andika kwamba uliongoza darasa ambalo hukujua lugha yake, kwamba ulitunga mitihani, na kwamba ulifanya kazi chini ya wakubwa wa utamaduni mwingine, kwa maana sifa hizo ndizo zinazotafutwa na kampuni za uchukuzi, mawakala wa forodha na ofisi zinazohudumia wateja wa nchi nyingi. Mwenye cheti cha HSK, mtihani wa lugha ya Kichina, akiweke juu kabisa. Tangu kabla ya reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi kufunguliwa mwaka 2017, kampuni za Kichina zimekuwa na shughuli kubwa Pwani.

Kuhusu fedha nitasema machache. Jamaa wengi huamini kwamba aliyetoka ng'ambo amerudi na mali, kwa hiyo kaa mapema na baba, mama au mjomba anayesikilizwa na wote, umweleze ulicho nacho na unachokusudia kukifanya, ili mzigo wa kukataa maombi usiwe wako peke yako. Usinunue kiwanja katika miezi ya mwanzo. Pwani ina historia ndefu ya migogoro ya hatimiliki, na akiba iliyofungwa kwenye ardhi yenye kesi haiwezi kulipia mafunzo utakayoyahitaji.

Sasa tuje kwa watu wazima. Wa kwanza ni mabaharia. Mkataba wa kimataifa wa STCW wa mwaka 1978, unaohusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, unamtaka ofisa anayeshika zamu ya kuongoza meli awe na Kiingereza cha kumwezesha kutumia ramani na vitabu vya ubaharia, kuelewa taarifa za hali ya hewa, na kuwasiliana na meli nyingine, vituo vya pwani na wenzake wa lugha mbalimbali. Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha misemo sanifu ya mawasiliano ya baharini, ambayo ndani yake ujumbe unaweza kutanguliwa na neno la kuonyesha kama ni onyo, swali, ombi au agizo, na kila amri ya usukani hurudiwa kwa sauti na anayeshika usukani. Mwalimu aliyewazoeza wanafunzi wa Bangkok kusikiliza, kurudia na kujibu bila kusitasita tayari anazo mbinu za somo hili. Anachokosa ni maudhui, na Mombasa haina upungufu wa manahodha na wahandisi wa meli waliostaafu ambao wangekaa naye jioni chache kumweleza kinachosemwa kwenye daraja la meli, yaani mahali inapoongozewa. Aisome misemo hiyo yote, kisha afike Bandari Maritime Academy na kwa mawakala wanaowatafutia vijana kazi za meli, akijitolea kutoa masomo ya ziada ya Kiingereza. Asijidai kutoa vyeti vya ubaharia, maana hiyo ni kazi ya vyuo vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya.

Kundi la pili ni wauguzi. Tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya wahudumu wa afya mnamo Julai 2021, wauguzi wengi wamekuwa na sababu ya kujiandaa kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao baraza la wauguzi la Uingereza hutaka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Muuguzi wa Kenya amesoma na kufanya kazi kwa Kiingereza, na kwa sababu hiyo hiyo huudharau mtihani huu, kisha akakwama kwenye maandishi: kazi mbili kwa dakika 60, moja ya maneno yasiyopungua 150 na nyingine yasiyopungua 250. Hahitaji kufundishwa sarufi tangu mwanzo. Anahitaji mtu wa kumsahihishia insha baada ya insha, amwonyeshe wapi hoja imepotea na wapi muda umeliwa, na afanye hivyo katika saa zinazolingana na zamu zake za hospitali. Kama uliwaandaa wanafunzi kwa IELTS huko ulikokuwa, anza na kundi hili.

Ufundishaji wa mtandaoni unaweza kukusaidia kulipa bili, lakini usiufanye tegemeo lako lote. Mwaka 2021 Uchina ilipiga marufuku masomo ya watoto wa shule yanayotolewa na walimu walioko nje ya nchi hiyo, na walimu wengi duniani walipoteza kipato kwa muda mfupi. Kufundisha wageni Kiswahili kupitia njia hiyo hiyo ni jambo linalostahili kujaribiwa na mwalimu aliyelelewa Mombasa.

Zimebaki hoteli. Watu wa mapokezi kwa kawaida Kiingereza wanakijua. Wanaoachwa nyuma ni wa jikoni, wa vyumba, wa bustani na walinzi, ambao kila siku huulizwa na wageni maswali wanayoyaelewa nusu. Somo lao liwe la dakika 45, kabla ya kubadilishana zamu, na litokane na maswali yenyewe, hivyo omba kwanza ruhusa ya kushinda siku nzima hotelini ukiyaandika. Jisajili NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kama mkufunzi kabla ya kupeleka ombi lako. Mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo iwapo mkufunzi anatambuliwa na mamlaka hiyo na idhini imeombwa mapema; meneja mwenye shaka na bei yako aelezwe hesabu hiyo kwa maandishi. Wakati nao una uzito wake. Mvua za masika, kuanzia Aprili hadi Juni, ndipo wageni wa Nyali, Bamburi na Shanzu hupungua na wafanyakazi hupata nafasi ya kujifunza, kwa hiyo ombi lifike mezani kwa meneja Februari, mazungumzo ya bei yamalizike Machi, na darasa lianze wageni wa Pasaka wakishaondoka.