Namna ya kufuatilia kiota cha ndege wadogo wa msituni na kuhesabu vimelea vyake

Watu wengi wakishaweka boksi la kiota mtini wanafurahia mayai na makinda, ndege wakiondoka wanang'oa kile kiota wanatupa. Mi naona hapo ndo wanatupa nusu ya habari yote. Kile kiota kitupu kimeshindiliwa, kimejaa vumbi la manyoya, ila ndani yake kuna viroboto, utitiri na mabuu ya nzi waliokunywa damu ya wale makinda karibu wiki tatu nzima. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, ndege wakiwemo ndani chungulia kidogo sana, wakishatoka chukua kila kitu.

Naongelea ndege wadogo wanaotaga kwenye matundu ya miti, hasa Parus major (yule wa kifua cha njano chenye mstari mweusi katikati), ndugu yake mdogo Cyanistes caeruleus mwenye kofia ya bluu, na Ficedula hypoleuca ambaye baridi ya Ulaya anaikimbilia Afrika Magharibi halafu anarudi kuzaliana. Hawa wanakubali maboksi kirahisi ndo maana tunawajua vizuri, kule Wytham Woods karibu na Oxford, Uingereza, Parus major wanafuatiliwa kila msimu tangu 1947. Ndege mwingine yeyote mdogo wa tunduni utaratibu ni huuhuu, badilisha tu siku na vipimo.

Boksi lisikuchukulie muda mrefu. Mbao nene zisizorandwa upande wa ndani, bila rangi wala dawa ndani, sakafu kama sm 12 kwa 12, tundu la mm 25 ukitaka wa kofia ya bluu peke yake, mm 28 kwa Parus major na Ficedula. Juu mita 2 hadi 4, jua la mchana lisilipige usoni. Kijiti cha kutua chini ya tundu usiweke, ndege hawakihitaji na wezi wa mayai wanakipenda. Paa lifunguke bila kugonga wala kuvuta kwa nguvu. Andika namba kwa nje. Na kabla ya msimu tafuta kibali, nchi nyingi kusumbua kiota chenye ndege ni kosa kisheria, na kushika makinda au kuwavisha pete kunahitaji mafunzo na leseni, hilo usiliruke.

Sasa ukaguzi. Msimu ukianza pita mara moja kwa wiki, inatosha kabisa. Kabla ya kufungua gonga mti taratibu usubiri kidogo, mama akiwepo apate nafasi ya kutoka, na kama amekaa hatoki funga uondoke, usimnyanyue. Wanataga yai moja kwa siku, asubuhi mapema, kwa hiyo ukikuta mayai 5 na mama bado hajaanza kuatamia, hesabu siku 4 nyuma unapata siku ya yai la kwanza, hakuna haja ya kwenda kila siku. Mama wa Parus major au wa kofia ya bluu anayeendelea kutaga mara nyingi anafunika mayai kwa kuvumwani (ile mimea laini ya kijani inayotambaa kwenye mawe na magogo) na nywele za wanyama, usidhani kiota ni kitupu, pitisha kidole taratibu sana utayahisi chini. Kuanzia akikaa sawasawa kuatamia hesabu kama siku 13 au 14 hivi, kipindi hicho muache. Rudi karibu na siku ya kuanguliwa.

Makinda umri wao unausoma kwenye ngozi. Siku ya kwanza ni wapinki, vipofu, wana nyuzi chache za manyoya kichwani. Siku ya 4 au 5 unaona mistari myeusi chini ya ngozi ya mabawa, hiyo ni manyoya yanayokuja. Siku ya 7 au 8 macho yanaanza kufunguka. Baadaye vijiti vya manyoya vinapasuka ncha na kinda anaanza kufanana na ndege. Ukifika siku ya 15 usifungue tena boksi kwa sababu yoyote ile, wataruka wote kabla ya wakati na huwezi kuwarudisha. Parus major na wa kofia ya bluu wenyewe wanatoka kati ya siku ya 18 na 21, Ficedula wanatoka mapema zaidi, kwa hiyo kwao acha kufungua mapema zaidi pia.

Tukija kwenye vimelea, cha kwanza utakiona hata kabla ya yai. Kiroboto wa ndege, Ceratophyllus gallinae, anapitisha majira ya baridi ndani ya kifukofuko chake kwenye kiota cha mwaka jana, joto likipanda au kitu kikitikisa kiota anatoka anaenda kusubiri mlangoni. Kuna asubuhi nilisogeza uso karibu na boksi ambalo halikusafishwa nikaona ukingo wa tundu umezungukwa na vidoa vya kahawia, nikadhani ni uchafu, nikapuliza, vile vidoa vikaruka vyote kwa mpigo. Parus major wakipewa nafasi ya kuchagua wanakwepa boksi kama hilo. Kwa hiyo andika hiyo kwenye daftari, viroboto mlangoni, wengi au wachache, na tarehe.

Mabuu ya nzi ni habari nyingine, na hapa ndo watu wanajidanganya. Nzi wa jenasi Protocalliphora anataga kwenye kiota chenye makinda, mabuu yake yanapanda kunyonya damu zaidi usiku, mchana yanajificha chini kabisa kwenye kuvumwani. Ukifungua boksi saa nne asubuhi unaona makinda wazima na kiota kisafi unaandika "hakuna vimelea", kumbe chini yao kuna kadhaa yameshiba damu. Na usijaribu kuchimba makinda yakiwemo, utawapoza na utaharibu kile kikombe cha kiota wanamolala, subiri.

Jambo la kuangalia ukiwa unapita ni majani mabichi. Kwenye kisiwa cha Corsica wale wa kofia ya bluu wanaleta vipande vya mimea yenye harufu kama lavenda na minti na kuvipanga kiotani, vikikauka wanaongeza. Ukikuta jani bichi lenye harufu lisilokuwa la kujengea usilitoe, lipige picha uandike. Na mama naye usiku badala ya kulala anatumia muda kuchokonoachokonoa kiota kwa mdomo akisafisha.

Makinda wakishatoka, rudi siku ya 2 au ya 3, na hapa naomba uwe mkali na nafsi yako, viota vyote vichukuliwe baada ya idadi ileile ya siku. Ukichukua kimoja mapema na kingine wiki mbili baadaye, hesabu zako hazilinganishiki, maana nzi wameshatoka kwenye mapupa (vile vifuko vigumu ambamo buu anageuka nzi) na viroboto wadogo wameshakua. Ingiza kiota chote kwenye mfuko, pamoja na vumbi la sakafuni, funga vizuri na uandike namba. Vaa glovu, barakoa na mikono mirefu. Utitiri wenye njaa haubagui, utakutembelea na kukuuma, kwa hiyo kazi hii fanyia nje, usiingize mifuko chumbani.

Kupekua kunaanza na joto. Chukua faneli kubwa, weka wavu juu yake, kiota juu ya wavu, juu kabisa taa ya kizamani inayotoa joto, chini ya faneli chupa yenye spiriti ya asilimia 70. Kiota kikikauka kuanzia juu, utitiri na viroboto wanakimbilia chini wanadondokea kwenye chupa. Acha siku 2 hivi, na usiiache taa karibu na kuvumwani kikavu bila mtu wa kuangalia, kinashika moto.

Ila mapupa na vifukofuko havitembei, hivyo baada ya hapo mwaga kiota kwenye shuka jeupe uchambue kwa kibano kidogo kidogo. Pupa la Protocalliphora ni kama kipipa kidogo cha kahawia, chini ya sentimita 1. Yahesabu yote, halafu angalia kila moja lilivyofunguka. Nzi akitoka mwenyewe ncha moja inafunguka kama kifuniko. Ukikuta kitundu kidogo cha duara pembeni, huyo nzi hakutoka kamwe, ameliwa na nyigu wadogo sana wa jenasi Nasonia, wengi ndani ya pupa moja, yaani vimelea navyo vina vimelea vyao. Mi hiki kitundu kila nikikikuta naita mtu aje aone.

Kwenye kutafsiri nenda polepole. Hesabu kubwa ya mabuu haimaanishi makinda walikonda, wazazi wengi wanaongeza kasi ya kuleta viwavi na uzito unabaki uleule, japo damu ya makinda imepungua. Madhara yanajitokeza zaidi mvua ikipiga siku mfululizo na viwavi wakikosekana. Ndo maana daftari linatakiwa liwe na hali ya hewa na idadi ya makinda, gawanya vimelea kwa idadi ya makinda waliokuwemo. Kinda aliyekufa usimsingizie kiroboto kama hujui baba na mama walikuwepo.

Kupulizia dawa sikushauri kabisa kwenye msitu wa kawaida, ndege hawa na viroboto wao wameishi pamoja muda mrefu. Visiwa vya Galápagos ni tofauti, kule nzi Philornis downsi aliletwa kutoka nje, mabuu yake yanaingia mpaka kwenye pua za makinda na mara nyingi kiota kizima kinakufa, ndo maana watafiti wamejaribu kuwawekea ndege pamba yenye permethrin (dawa ya kuua wadudu) waijengee wenyewe.

Boksi lililobaki limwagie maji yanayochemka kwenye kona na nyufa zote, likauke kabisa juani, kisha lirudishe palepale kabla ya baridi kuisha. Kama unataka kulinganisha, nusu ya maboksi usiyasafishe, yaachie kiota cha zamani kama ilivyo kwenye tundu la mti, na uandike yapi ni yapi.