Kalsiamu na salfa kwenye haidroponiki (kilimo cha maji bila udongo): ununue nini, uchanganye vipi

Mwaka wangu wa kwanza niliomba dukani "mbolea ya kalsiamu", nikapewa CAN, ile ya kukuzia mahindi. Nikaivuruga kwenye ndoo hadi mkono ukachoka. Maji yakawa meupe kama tui, na asubuhi chini kumelala tope la chokaa. Chokaa hiyo ndiyo kalsiamu yenyewe, na haiyeyuki. Tena nusu ya naitrojeni ya CAN iko katika hali ya amonia, ambayo ikizidi huzuia mizizi kuchukua kalsiamu.

Hatua ya 1. Yajue maji yako. Ya kisima yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika tayari yana kalsiamu; ya mvua ni kama hayana kitu.

Hatua ya 2. Nunua kalsiamu naitreti. Mfuko uandikwe N (naitrojeni) asilimia 15.5 na CaO (oksidi ya kalsiamu) 26 hivi. Hiyo CaO zidisha kwa 0.71 upate kalsiamu halisi, kama asilimia 19. Ukishafungua mfuko ufunge vizuri, maana hunyonya unyevu hadi ikawa uji. Jasi huwashawishi wengi kwa kuwa ina kalsiamu na salfa pamoja, lakini lita moja ya maji huyeyusha gramu 2 na ushee tu. Kwa mchanganyiko mkali wa kuzimuliwa baadaye haifai.

Hatua ya 3. Salfa haina shida: inakuja na magnesiamu salfeti, yaani chumvi ya Epsom (magnesiamu 9.8%, salfa 13%). Kwa nyanya zinazobeba naongeza potasiamu salfeti. Usichukue salfa ya unga wa njano inayopulizwa mikoroshoni kule Mtwara. Hiyo ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu; haiyeyuki, na mizizi hunywa salfeti tu, yaani salfa iliyoungana na oksijeni.

Hatua ya 4. Tenga ndoo mbili za lita 10, kila moja uyeyushe mbolea yake na kuijaza maji.

Ndoo A: kalsiamu naitreti gramu 800.
Ndoo B: magnesiamu salfeti gramu 400, pamoja na fosfeti na salfeti nyingine zote.

Kwa kila lita 100 za maji, mimina lita moja ya A, koroga, ndipo umimine lita moja ya B. Utapata kalsiamu miligramu 150 hivi kwa lita na salfa 50, zinazotosha letusi. Kwa nyanya napandisha A hadi kilo moja. Ukizikutanisha A na B zikiwa kali, kalsiamu hushikana na salfeti ikawa jasi, na vitundu vya matone vya mabomba ya kumwagilia vinaziba. Kuvizibua ni kazi ya sindano, kimoja kimoja.

Hatua ya 5. Letusi ikiungua ncha za majani machanga, au nyanya zikioza kitako, usikimbilie kuongeza mbolea. Kalsiamu hupanda na maji ambayo jani linayapoteza hewani. Kitalu nyumba kikiwa na unyevu bila upepo, haipandi hata ikijaa kwenye tangi. Mimi hufungua mapazia kwanza, nikaangalia pampu, ndipo naigusa ndoo A.