Mtu mmoja akiingia, timu ni nyingine

Kabla hujaitisha kikao cha kuhimiza umoja, angalia kwanza timu yako imefika wapi. Mwaka 1965 Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza hatua nne ambazo kikundi hupitia: watu hukutana, huvutana, huzoeana, kisha kazi huenda. Mwaka 1977, pamoja na Mary Ann Jensen, akaongeza ya tano: kuagana. Ila usizishike kama ratiba ya treni. Tafiti nyingi alizozipitia zilihusu vikundi vya tiba ya kisaikolojia, si wafanyakazi wenye bosi na tarehe ya mwisho.

Mwanzoni watu wana adabu kupita kiasi. Ukiuliza "kuna swali?", wote kimya, halafu maswali yanaulizwa nje ya mlango. Mimi huwa nagawa vikaratasi: kila mtu aandike jambo moja analoona litatukwamisha, bila jina, nami nasoma vyote kwa sauti. Vikaratasi viwili vikisema kazi ileile ni ya watu tofauti, hapo ndipo pa kuanzia.

Mivutano ikija, usikimbilie kupatanisha. Wanaobishana siku nzima kuhusu mpangilio wa ripoti mara nyingi wanagombea nani ana neno la mwisho. Amua hilo, liandike, wote walione.

Weka pia kikao katikati ya muda wa kazi. Mtafiti Connie Gersick alifuatilia vikundi vinane vya kazi, na mwaka 1988 akachapisha alichokiona: kikundi hushikilia njia iliyowekwa kwenye kikao cha kwanza mpaka nusu ya muda ipite, ndipo hubadilika, tena ghafla. Basi tumia nafasi hiyo. Uliza swali moja tu: tuache nini?

Sasa mgeni, yaani anayejiunga na timu. Wengi humkabidhi mafaili na nywila, basi. Anachokosa ni yale yasiyoandikwa popote: kwamba ujumbe wa usiku hujibiwa asubuhi, kwamba mhasibu akinyamaza hajakubali. Keti naye mbele ya timu nzima, mpitie upya nani anafanya nini na mnaamuaje. Wenyeji watanung'unika kwamba wanayajua. Waache wayataje, utashangaa wanavyopishana. Baada ya wiki mbili muulize mgeni ni kitu gani mnafanya ambacho bado hakielewi. Muulize mapema, maana akishazoea hatakiona tena.

Anayeondoka naye, usimdai ripoti ya makabidhiano peke yake. Mwombe orodha ya mambo ambayo wenzake humuuliza ingawa si kazi yake. Kila jambo lipate mwenyewe kabla hajaaga.