Sanduku la umeme la maikrofoni ya valvu ya EF86

Maikrofoni yangu ni ya mtindo wa Neumann U 67, inayotumia valvu (bomba la kioo la kukuza mawimbi ya sauti) ya EF86. Inadai umeme wa aina mbili: 210 V za anodi, yaani bamba linalopokea elektroni ndani ya valvu, na 6.3 V za hita, waya unaoipasha valvu joto. Hizo 210 zinaua, kwa hiyo tumia kasha la chuma, liunganishe na waya wa ethi, na weka fyuzi kabla ya transfoma.

Upande wa volti ya juu, wa anodi: transfoma ya 180 V, daraja la dayodi la kugeuza AC kuwa DC, kisha kapasita tatu za 47 µF, 350 V, zenye rezista katikati. Baadaye utabadilisha rezista hizo hadi upate 210 V maikrofoni ikiwa inafanya kazi. Sambamba na kapasita ya mwisho, lehemu rezista ya 220 kΩ ya kumwaga chaji. Ukizima, subiri dakika tatu, halafu pima. Usiguse kabla mita haijakaribia sifuri.

Upande wa hita nilitumia LM317, kidhibiti cha volti kinachorekebishika, kwenye bamba la kupoza. Hapa ndipo niliposumbuka wiki nzima: kwenye kasha mita ilisoma 6.3 V, lakini mwisho wa kebo ya mita kumi ilisoma 5.9. Hita inavuta 200 mA, na waya mwembamba unakula volti. Basi chomeka rezista ya 33 Ω, 5 W, mwisho wa kebo badala ya valvu, urekebishe LM317 ukipimia hapo hapo. Kebo ukiibadilisha, pima upya.