Ng'ombe anahema sana saa nane mchana, ni joto au mapafu?

Wafugaji wenzangu, hasa nyie wa Tanga, Dar na Pwani, kaskazi, yaani msimu wa joto huku pwani, ikianza tu swali ni lilelile, "ng'ombe wangu anahema kama mbwa nimchome nini?" Usimchome kitu kwanza. Mi mwaka juzi nilikuwa na chotara wa friziani wa kukamua, nikamkuta saa nane mchana katoa ulimi, mate yananing'inia mpaka chini, nikachanganyikiwa nikaita jamaa wa sindano akamdunga OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki) bila hata kumpima, jioni upepo wa bahari ulivyoingia ng'ombe akaanza kula nikasema eh dawa kiboko. Kesho yake saa nane yaleyale, kumbe lilikuwa joto tu. Na maziwa nikawa namwaga maana yana dawa.

Kwa hiyo nunua themomita, hata ile ya watu inafaa. Ifunge kamba usije ukaipoteza huko ndani, iingize njia ya haja kubwa na uilaze iguse ukuta wa utumbo, ukiichomeka kwenye kinyesi itakudanganya. Pima saa 12 asubuhi kabla jua halijatoka. Ng'ombe mzima anacheza kwenye nyuzi 38.5. Aliyezidiwa na joto mchana anaweza kugonga hata 40 ila baada ya usiku wa ubaridi anarudi kawaida, mgonjwa yeye anaamka na homa yake. Alafu hesabu pumzi, simama pembeni angalia ubavu nusu dakika zidisha mara mbili. Ikipita 60 na yuko kivulini katulia, joto linamsumbua, akihema mdomo wazi na ulimi nje hiyo ni dharura usisubiri jioni.

Kama ni joto, maji kwanza. Ng'ombe wa maziwa kipindi hiki anaweza kumaliza lita 80 hadi 100 kwa siku, sasa we unampa ndoo asubuhi na ndoo jioni unategemea nini? Pipa likae kivulini, maji yaliyopigwa na jua hanywi vya kutosha. Akizidiwa mmwagie maji mengi shingoni na mgongoni mpaka ngozi ilowe kabisa, na awe sehemu inayopitisha upepo, maana huku kwetu hewa tayari imejaa unyevu, ukimnyunyizia kidogokidogo ndani ya banda lililozibwa unampika kwa mvuke.

Na mabanda yetu ndo tatizo lenyewe, bati limeinama mpaka unaligusa kwa mkono, pembeni maturubai eti wezi. Toa maturubai, paa lipande kama mita 3, juu ya bati tandika makuti. Jaribu hiki: chuchumaa pua yako ifike usawa wa pua ya ng'ombe aliyelala, macho yakikuwasha kwa harufu ya mkojo basi na mapafu yake yanaungua hivyohivyo kutwa nzima, safisha. Pumba nayo ilowanishe kidogo isimpalie vumbi. Chakula kingi mpe usiku na alfajiri kwa sababu tumbo likisaga linatoa joto lake.

Sasa asubuhi ukakuta 39.5 kwenda juu, anakohoa, kamasi zito, hataki kula, huyo anaumwa. Papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega, zikivimba na kupe wapo, fikiria ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, mapafu yanajaa maji mpaka povu linatoka puani, na OTC peke yake haimponyi, inatakiwa buparvakwoni, dawa ya ndigana, tena mapema, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Ukiona wanakohoa wawili watatu, wananyoosha shingo na kutanua viwiko vya miguu ya mbele, hiyo inaweza kuwa homa ya mapafu ile ya kuambukizana, usiuze usihamishe hata mmoja, mpigie afisa mifugo.

Kitu kingine wengi tunakosea, dawa ya kunywesha kwa chupa. Ng'ombe anayehema sana hamezi vizuri, ukimnyanyua kichwa juu ukamwaga, dawa inaingia mapafuni na hapo ndo unamtengenezea nimonia ya kweli. Msubiri atulie, kichwa kisipite usawa wa mgongo, mimina pembeni ya mdomo kidogokidogo, akikohoa acha ashushe kichwa kabisa ndo uendelee.