Kuchagua tenki la mafuta la bagi la kujitengenezea katika nchi ya milima

Fundi anayejenga bagi (gari dogo jepesi la fremu ya mabomba) hapa Mbeya kwa kawaida huanza kuulizia tenki baada ya fremu kusimama, injini kukaa mahali pake na siti kufungwa, na kwa kuwa nafasi iliyobaki wakati huo ni finyu, hujikuta akinunua tenki lolote linaloingia. Mimi nilianza hivyo hivyo. Nilichukua tenki la pikipiki kwa muuza vyuma chakavu, nikalifunga nyuma ya siti, na katika tambarare za Usangu halikunisumbua hata kidogo. Siku niliyopanda mwinuko wa kuelekea Kitulo, injini ilikohoa mara tatu ikazima, ilhali nilipofungua mfuniko niliyaona mafuta yangali nusu ya tenki. Yalikuwa yamekimbilia nyuma, na tundu la koki lilikuwa mbele, likinyonya hewa.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza tenki linaingia lita ngapi, jiulize mafuta yatakuwa upande gani gari likiwa kwenye mteremko, kwa sababu katika mikoa yetu barabara iliyo sawa ni chache. Gari linapopanda, mafuta hurudi nyuma, na ndipo injini inapoyahitaji zaidi. Linaposhuka, mafuta huja mbele, lakini injini hunywa kidogo. Ndiyo maana tundu la kutolea mafuta linafaa kuwa chini kabisa, katikati kwa upana, likisogea upande wa nyuma. Tenki jembamba na refu kwenda juu ni bora kuliko pana na fupi, kwa kuwa mafuta yaliyobaki hayapati uwanja wa kukimbilia. Lililo bora zaidi ni lile lenye kibakuli kilichochomelewa chini yake: kibakuli cha sentimita 10 kwa 10 chenye kina cha sentimita 5 hubeba nusu lita, na sehemu ya mafuta hayo hubaki juu ya tundu hata gari likiinama ubavu kwa muda. Kuta mbili za ndani zenye matundu madogo huzuia mafuta yasiruke kutoka upande hadi upande kwenye makorongo.

Tenki jipya ambalo halijawahi kuingia petroli linaweza kupimwa kwa maji. Tia maji robo ya ujazo wake, liweke juu ya ubao wa mita 1, kisha inua ncha moja ya ubao kwa matofali hadi ifike nusu mita kutoka chini. Huo ni mwinamo wa nyuzi 30. Fungua tundu uone kama maji yanaendelea kutoka, kisha rudia kwa pande zote nne. Baadaye lianike juani hadi likauke kabisa, kwani maji kidogo yakibaki yataizima injini na kuleta kutu.

Ujazo wenyewe ni hesabu nyepesi. Ikiwa gari lako linakwenda kilomita 6 kwa lita kwenye vumbi na safari yako ya kwenda na kurudi ni kilomita 90, utahitaji lita 15. Ongeza theluthi, upate lita 20. Tenki la sentimita 25 kwa 25 kwa 32 linatosha. Usivutwe na tenki la lita 40, maana petroli hiyo peke yake ina uzito wa karibu kilo 30, na bagi jepesi huhisi uzito huo katika kila kona.

Usilijaze hadi mdomoni. Asubuhi za Julai hapa mjini joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukiteremka Usangu mchana unaweza kukuta karibu nyuzi 30. Petroli ya lita 20 inayopata joto hilo huvimba kwa takriban lita 0.4. Vilevile, tenki lililofungwa kabisa likipandishwa kutoka Kyela kuja Tukuyu hutuna, na likiteremshwa hubonyea. Lazima lipumue, lakini si kwa kutoboa mfuniko kwa msumari, kwa sababu gari likipinduka mafuta yatamwagika kwenye ekzosi. Weka mpira wa kupumulia unaopanda hadi juu ya fremu na kushuka upande wa pili hadi chini ya tenki, pamoja na vali inayojifunga gari linapopinduka, ambayo hupatikana kwenye magari yaliyokatwa.

Kuhusu malighafi ya tenki, chuma cha milimita 1.5 ndicho mafundi wetu wanachokimudu. Alumini ni nyepesi, lakini huhitaji mchomeleaji wa gesi ya agoni na hupasuka ikibanwa bila mpira. Matenki ya plastiki ya injini za boti, yanayotumiwa na wavuvi wa Ziwa Nyasa, ni imara na hayapati kutu. Dumu la njano la mafuta ya kula silikubali hata kwa majaribio. Na kamwe usichomelee tenki lililowahi kubeba petroli: lililo tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Mahali pa kulifunga ni ndani ya mabomba ya fremu, mbali na ekzosi, likitenganishwa na dereva kwa bati. Injini ya kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa) isiyo na pampu hudai sakafu ya tenki iwe juu ya kabureta hata kwenye mlima, na sharti hilo ni gumu. Ndiyo maana napendelea pampu ya umeme, ambayo huruhusu tenki likae chini. Injini ya sindano, yaani inayopuliziwa mafuta kwa nozeli badala ya kabureta, hutaka pampu ya shinikizo la karibu baa 3, mipira inayolihimili, na mara nyingi bomba la kurudisha mafuta.

Lifunge kwa mikanda miwili ya chuma yenye mpira mgumu chini yake, bila kulitoboa kwa boliti. Baada ya kilomita 50 za kwanza, simama, zima injini, upapase kila kiungo kwa kidole kikavu na kukinusa.